Bustani ya Mtaa Wakati wa Dhiki: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu mwaka 2020 tunalima mboga pamoja, kaya kumi na tisa za mtaa mmoja hapa Dar es Salaam. Wapita njia husimama wakauliza. Ndugu zetu wa Tanga na Morogoro hupiga simu wakauliza. Maswali karibu yote ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri tulivyoyaishi. Mimi ni mwalimu, si bwana shamba. Ninayoyajua ya kilimo nimeyapata kwa mikono yangu, kwa bibi mmoja wa kona ya mtaa wetu, na kwa afisa kilimo wa kata aliyekuja mara ya kwanza kututazama tu, akaishia kuvua viatu.

Mlianzaje?

Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, na nyingi hazikufunguliwa mpaka mwishoni mwa Juni. Nilikuwa nafundisha shule binafsi. Ada hazikulipwa, mshahara ukakatika. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mpishi wa hoteli. Watalii walipokoma kuja alirudishwa nyumbani. Wa nyumba ya tatu alikuwa dereva wa magari ya mbugani, naye gari likaegeshwa. Sote tulikuwa na shida moja, na kila mtu alikuwa amejifungia ndani na ya kwake.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kiwanja kitupu. Mwenyewe alikuwa mkoani, na kwa miaka kilikuwa jalala la nepi, vifuu na chupa. Asubuhi moja yule bibi wa kona alitoka na jembe akaanza kufukua, peke yake. Hakuitisha kikao wala hakumwomba mtu. Siku ya tatu nilishindwa kuendelea kukaa barazani nikimtazama mtu wa miaka sabini akikokota takataka, nikaenda na reki yangu. Jioni ile tulikuwa watano. Juma lililofuata mjumbe alitupigia simu ya mwenye kiwanja, naye akasema tulime mpaka atakapohitaji kujenga. Tuliandika karatasi, yeye akaweka saini, sisi tukaweka saini, nakala ikabaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Usiiruke karatasi hiyo. Nitaeleza huko chini ilivyotufaa.

Fungu la mchicha ni shilingi mia tano. Jasho lote hilo la nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu nami nililiuliza.

Ukihesabu pesa, akiba ipo. Nyumba inayokula mboga ya majani kila siku huokoa shilingi elfu kumi na zaidi kwa mwezi, na wakati petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022 na kila kitu sokoni kikapanda nayo, elfu kumi ilikuwa na maana. Lakini hiyo siyo sababu ya watu kubaki.

Dhiki ina aibu. Mtu akikosa, hasemi. Zamani kwetu kumtuma mtoto jirani akaombe chumvi au kaa la moto lilikuwa jambo la kila siku, hakuna aliyelihesabu. Siku hizi tuna kuta na mageti, na mtu anaweza kulala na njaa mita nne kutoka kwenye sufuria ya jirani yake. Ukimpelekea unga atashukuru, ila kesho atapita njia nyingine asikutane nawe. Sasa mwite kwenye tuta alilolilima mwenyewe, mwambie, "Matembele yamezidi, yachume kabla hayajakomaa." Huyo anachukua haki yake. Anaondoka na kapu amelishika kwa mbele, watu wakiliona.

Na ukiwa umechuchumaa unang'oa magugu, macho yako chini na ya mwenzako chini, maneno hutoka. Nimesikia kwenye matuta yale mambo ambayo nisingeyasikia sebuleni kwa mtu hata kwa miaka kumi: kodi ya nyumba ya miezi minne, mtoto aliyeacha chuo, ugonjwa uliofichwa. Na ukishasikia huwezi tena kujifanya hujui.

Furaha inatoka wapi mfuko ukiwa umetoboka?

Kwa upande wangu ilitoka kwenye mbegu ya mchicha. Ni ndogo kuliko punje ya ulezi, nyeusi, inang'aa. Unaichanganya na mchanga mkavu ili isimwagike mahali pamoja, unainyunyiza, unaifunika kwa nyasi. Siku ya nne unafunua nyasi, na udongo uliokuwa mtupu umejaa vijani vya rangi ya kijani na waridi, vingi mno, vimesukuma vumbi juu ya vichwa vyao. Miezi ile nilikuwa naamka nikiwa sina cha kusubiri. Kuanzia hapo nikawa na cha kwenda kutazama saa kumi na mbili asubuhi.

Wengine watakwambia ni vicheko. Siku za kupalilia kelele zetu zinasikika mpaka barabarani.

Tuanze na mazao gani?

Yanayowahi. Watu waliokata tamaa hawawezi kungoja miezi mitatu.

Mchicha unachumwa kati ya siku ya ishirini na moja na ya thelathini. Matembele hayahitaji hata mbegu: omba marando kwa mwenye nayo, kata vipande vya urefu wa shibiri moja, fukia vifundo viwili au vitatu, mwagilia, baada ya mwezi na kidogo unaanza kuchuma na unaendelea kuchuma. Ukitaka na viazi vya futari mwezi wa Ramadhani, tenga tuta usilolichuma majani, maana ukiyamaliza juu hupati kitu chini. Kunde ni rafiki wa maskini: majani ni mboga, punje ni mboga, na mizizi yake inaurutubisha udongo. Bamia inataka kama miezi miwili na inavumilia joto la hapa. Chainizi na sukuma zinafaa zaidi miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti.

Nyanya ziacheni mpaka mwaka wa pili. Zina magonjwa mengi, na zikifa zote mara moja kikundi kichanga huvunjika moyo. Sisi zilitufia.

Udongo wetu ni mchanga mtupu. Utaotesha kitu?

Utaotesha, ukiulisha. Debe moja la samadi iliyooza kwa kila hatua moja ya tuta, ukarudia kila baada ya mavuno. Samadi ya kuku ni kali. Ikiingia mbichi inaunguza miche, hivyo ilundike, ilowanishe, igeuze, iache miezi miwili. Maganda ya ndizi, ya viazi, majani makavu, majani ya chai, vyote viende kwenye shimo la mboji. Kaya zetu huleta maganda yao kila Jumamosi.

Tunaweza kutumia maji ya mto au ya bonde?

Kama ni ya Msimbazi au mfereji wowote unaopita viwandani na kwenye makazi yenye vyoo vinavyovuja, hapana. Uchunguzi umekwisha kufanywa mara nyingi, na madini mazito na vimelea vimekutwa humo. Vimelea unaweza kuviua kwa kupika. Madini ya risasi hayatoki kwa kuchemshwa. Vivyo hivyo epukeni kiwanja kilichokuwa gereji au mahali pa kumwagia oili chafu. Hapo limeni kwenye magunia kwa udongo ulioletwa.

Na mgao wa maji ukija?

Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, mtaa wetu ulipata maji mara moja moja, tena usiku. Tuliokoa bustani kwa mambo matatu. Tulifunika matuta kwa nyasi kavu na maganda ya mpunga, jua lisiunyonye udongo. Tulimwagilia alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, kamwe si mchana. Na kila jiko likaweka ndoo ya maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda, yasiyo na sabuni, yakaletwa bustanini.

Funikeni madumu na mapipa. Mbu wa dengi huzaana kwenye maji safi yaliyotuama, na jiji hili limeugua dengi vibaya, mwaka 2014 na tena 2019. Bustani isiwe chanzo cha homa kwa watoto wa majirani.

Hatuna ardhi kabisa. Tunaishi chumba na sebule.

Mna ukuta, mna ngazi, mna kona ya uani. Hapo gunia linakaa.

Tafuta kiroba cha salfeti kilichokwisha kazi. La mkaa lina matundu makubwa, udongo utamwagika. Kunja mdomo wake nje kama mguu wa suruali. Chukua kopo kubwa la maziwa, toboa juu na chini liwe kama bomba, lisimamishe katikati ya gunia na ulijaze kokoto. Zunguka kopo kwa mchanganyiko wa udongo, samadi na mchanga kidogo, ushindilie kwa mkono. Kisha vuta kopo juu taratibu: kokoto zinabaki zimesimama, udongo umezikumbatia. Jaza tena kokoto, jaza tena udongo, vuta tena, mpaka juu. Huo mwiba wa mawe ndio unaoshusha maji mpaka chini. Bila huo, juu kunaoza na chini kunakauka. Mwisho chana matundu ya vidole viwili ubavuni, yapishane, na kila tundu lipate mche mmoja. Gunia moja hubeba miche thelathini ubavuni na mingine juu, mahali pa upana wa kiti.

Wenzetu wa Kibera, Nairobi, wamelima hivi kwa wingi. Baada ya machafuko ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, njia za chakula zilikatika, reli ikang'olewa, bei zikapaa. Kina mama wakajifunza magunia, wakayapanga milangoni. Fikiria hilo: mahali ambapo majirani walikuwa wametoka kuchomeana nyumba, mtu anamwachia mtu amwagilie gunia lake akienda kibaruani.

Kwa hiyo hili si jambo jipya?

Si jipya hata kidogo. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 serikali yetu iliwataka watu wote, wa mjini nao, washike majembe. Kampeni iliitwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Marehemu mama yangu alilima mahindi kando ya reli miaka ile na aliyasimulia mpaka uzeeni, na simulizi lake halikuwa la njaa, lilikuwa la wanawake aliolima nao. Miaka ya themanini, wakati wa foleni za sukari na sabuni, mchicha wa mabondeni ndio uliokuwa haukosekani mezani. Na ng'ambo ya bahari, Kuba ilipoachwa bila mafuta na mbolea baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, watu wa Havana walilima viwanja vitupu katikati ya jiji, na bustani zile zimebaki.

Tutagawanaje bila kugombana?

Tuligombana. Mwanzoni kila kaya ilikuwa na tuta lake, na aliyekuwa na mgeni au mgonjwa tuta lake likafa. Tukajaribu kuchanganya yote, na wavivu wakajulikana. Mwishowe, mpaka tulipokiacha kiwanja, kila kaya ilikuwa na tuta moja lake, na matuta sita yalikuwa ya wote. Ya wote yalipaliliwa Jumamosi, mavuno yake yalipita kwanza kwa wagonjwa, wazee na waliofiwa, kilichobaki kiliuzwa, pesa ikanunua mbegu. Daftari liko kwa mama muuza maandazi kwa sababu kila mtu anapita kwake kila asubuhi. Mchango ni shilingi elfu moja kwa wiki, na asiyekuwa nayo analeta madumu mawili ya maji. Hakuna anayeandikwa kuwa anadaiwa.

Mtaa ukipata msiba, mboga ya matanga inatoka kwetu. Halikujadiliwa kikaoni. Lilitokea mara ya kwanza, likawa ndivyo.

Kuku wa jirani wanakula miche yetu. Tufanye nini?

Msiwapige mawe. Kuku wa mtu ni benki yake. Nendeni jioni, mbishe hodi, mkae kwanza, mnywe maji, ndipo mseme. Sisi tulikubaliana hivi: kuku wanafungwa mpaka saa nane mchana kwa wiki mbili za mwanzo baada ya kupanda, sisi tunawaletea magugu na majani yaliyoliwa na wadudu, na samadi yao inakuja bustanini. Mwenye kuku ndiye leo mweka hazina wetu. Matawi ya miiba juu ya kitalu nayo yanasaidia.

Na wezi?

Wa kwanza alituibia matuta mawili ya mchicha usiku mmoja. Vijana walitaka kulinda kwa zamu na marungu. Yule bibi akasema anayeiba mchicha ana njaa, mwenye tamaa huiba televisheni. Tukapanda tuta refu la matembele na mchicha upande wa barabara, nje ya uzio, tukaacha habari ienee kwamba hilo ni la yeyote. Tangu hapo ndani hapakuguswa ila mara moja.

Kuna jirani aliyejifungia, haji hata akiitwa. Tumwache?

Msimwache, na msimburute.

Yule mpishi wa hoteli hakutoka miezi mitatu. Tulimwita, akaitikia dirishani, hakuja. Kisha mwezi Julai tukaanza kukuta matuta yameshaloa asubuhi. Tukifika na ndoo zetu saa kumi na mbili, udongo tayari ni mweusi na ndala za mtu zimeacha alama kwenye njia. Ilichukua siku tano hivi kujua ni nani, maana alama zile ziliishia mlangoni kwake. Kikundi kikataka kwenda kumpongeza. Bibi akakataa. Badala yake, jioni aliacha chini ya mpapai chupa ya chai, kikombe na chapati mbili ndani ya hotipoti ndogo. Asubuhi chupa ilikuwa tupu, kikombe kimeoshwa, kimegeuzwa juu ya mfuniko.

Iliendelea hivyo kama wiki mbili. Siku moja hotipoti ilirudi na vitu ndani: kisamvu cha nazi, kimepikwa kwa karanga, bado cha moto. Hapo ndipo bibi alipomgongea mlango, akamwambia, "Mwanangu, kisamvu chako kina chumvi kidogo, njoo unionyeshe unavyokipika." Akatoka. Sasa yeye ndiye anayepika siku za kazi, na ana genge lake la chakula pale njiapanda, mboga zake zinatoka kwetu.

Wapo ambao hawajatoka mpaka leo. Tunawapelekea fungu langoni.

Wadudu je, tupige dawa?

Kwenye bustani inayochezewa na watoto, hatupigi dawa za viwandani. Vidukari tunavinyunyizia maji ya majani ya mwarobaini: kilo moja ya majani yatwangwe, yalale kwenye lita kama saba za maji, yachujwe, utie sabuni ya kipande kidogo ili ishike, upige jioni. Viwavi tunaokota kwa mkono. Kazi hiyo wanaiweza watoto kuliko sisi, na wanaipenda.

Kuna chama au dini nyuma yenu?

Hakuna. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi hatuna kazi ya pamoja, basi.

Mwenye kiwanja akirudi?

Atarudi. Wetu alirudi mwaka 2023 akiwa na ramani ya nyumba. Ile karatasi ilisema atupe taarifa ya miezi miwili, naye alitupa, kwa heshima. Wengine walilia. Udongo ule tuliulisha miaka mitatu. Ukiuchota mkononi ulikuwa mweusi, unanukia mvua, una nyungunyungu.

Basi tukauhamisha. Tulimwomba, akaruhusu tuchukue udongo wa juu kabla ya msingi kuchimbwa. Kwa Jumamosi tatu mfululizo mikokoteni miwili ilipita mtaani na viroba, kila kaya ikapata magunia yake mawili ya kuweka uani, na yaliyobaki, thelathini na sita, yakapangwa kando ya ukuta wa msikiti na nyuma ya kanisa, kwa ruhusa ya wazee wa pande zote mbili. Tulidhani bustani ikitawanyika na watu watatawanyika. Ikawa kinyume. Zamani mtu alikuja bustanini. Sasa ili kumwagilia inabidi upite nyumba kwa nyumba, na kupita ni kusalimia. Mwenye kiwanja alipohamia na familia yake, tulimpelekea gunia moja, lenye chainizi tayari kuchumwa.

Tunataka kuanza. Tuje na nini?

Msije na bajeti wala katiba. Tafuteni watu watatu, jembe moja la kuazima, na idhini ya mahali. Mwambieni mjumbe mapema ili asisikie kwa watu. Andaeni tuta moja tu, la upana wa mita moja ili mkono ufike katikati pande zote, na mpande mchicha mwanzoni mwa vuli, Oktoba, au masika ikianza, Machi. Mvua zikipiga kwa nguvu, funikeni mbegu kwa nyasi zisisombwe.

Mbegu na marando tunatoa bure Jumamosi asubuhi, kuanzia saa moja. Njoo na kikapu na ndala zinazoweza kuchafuka, kwa sababu utakuta tunapalilia.